Namna ya Kumkimbiza Mwizi wa Mbuzi Kimamba Bila Kumkamata

Kumkamata mwizi hakuhitaji mwongozo. Anatakiwa mtu mmoja mwenye mbio na mwingine wa kumkatia njia kwa mbele, imekwisha. Utaalamu uko kwenye kumkosa: kumkosa mchana kweupe, watu wakitazama, filimbi zikilia, kila mhusika akivuja jasho, halafu jioni kila mmoja arudi kwake akiamini ametimiza wajibu. Hilo halitokei kwa bahati. Lina mbinu zake na lina wazee wake, na kwa anayetaka kulijaribu nchini mwetu sijaona mji unaofaa kuzidi Kimamba, wilayani Kilosa.

Sababu ya kwanza ni ya kiutawala. Kimamba ni mji mdogo kando ya Reli ya Kati, katikati ya nchi ya mkonge, na bado umegawanywa kata mbili: Kimamba A na Kimamba B. Waliogawa walikuwa na sababu zao za maendeleo. Sisi waandishi wa miongozo ya aina hii tunawashukuru kwa sababu nyingine: mwizi akivuka kutoka A kuingia B, amebadilisha diwani, mtendaji wa kata na daftari la malalamiko bila kubadilisha mwendo.

Sababu ya pili ni mkonge wenyewe. Umepandwa kwa mistari iliyonyooka, kwa hiyo mkimbizaji anaona mbali sana kwenye mstari aliomo na haoni chochote kwenye mstari wa pili. Kila jani lina mwiba nchani, wa kumkumbusha aliye na haraka kwamba haraka haina baraka. Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta miche ya kwanza ya mkonge katika nchi hii mwaka 1893, alifikiria kamba na magunia. Nadhani hakufikiria suruali za askari.

Ya tatu ni treni. Wajerumani waliifikisha reli Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na katikati ya miaka hiyo ikapita hapa. Treni ya mizigo ina tabia ya kupita polepole, behewa baada ya behewa, wakati ule ule mwizi ameshavuka na ninyi bado. Katika fani hii, reli ni neema.

Mzee wa fani ni Mack Sennett, mzaliwa wa Quebec, Kanada, mwaka 1880, jina lake la nyumbani Michael Sinnott. Mwaka 1912 alianzisha kampuni ya filamu ya Keystone huko Edendale, Los Angeles, enzi ambazo sinema haikuwa na sauti. Akakusanya wanaume wa kila umbo, mnene na mwembamba, mrefu na mfupi, akawavika magwanda ya polisi yasiyowaenea, akawapakia kwenye gari moja na kuwaamuru wamkimbize mhalifu. Wakagongana, wakaanguka, wakakamatana wenyewe kwa wenyewe. Mpaka leo mwanasiasa wa Marekani akitaka kuisema idara iliyoboronga huwataja polisi wa Keystone, na wasikilizaji humwelewa hata kama hawajaona filamu yao hata moja.

Filamu ya kusomea ni *The Bangville Police* ya mwaka 1913, na mfugaji yeyote wa Kilosa ataielewa bila mkalimani. Binti wa shambani, aliyeigizwa na Mabel Normand, anatamani sana ndama. Anasikia wanaume asiowajua bandani, anaogopa, anapiga simu polisi. Mkuu wa polisi, Fred Mace, anaondoka na gari linalotoa moshi mwingi kuliko mwendo, linamharibikia njiani. Wenzake wanakuja kwa miguu. Binti kajifungia ndani na kurundika samani mlangoni. Wazazi wake wanasukuma mlango waingie nyumbani kwao, yeye anaamini ni majambazi. Vurugu zikitulia, inajulikana kwamba hakuna mwizi. Kuna ndama, kazaliwa bandani. Nguvu yote ile ya dola, na kosa lenyewe halikuwepo! Huo ndio upeo wa fani. Sisi wanafunzi tutaanza na kosa ambalo lipo.

Tuseme mbuzi wa mama muuza vitumbua kaibwa saa mbili asubuhi karibu na stesheni, na mwizi bado anaonekana, anamkokota mbuzi asiyetaka kwenda. Huu ni wakati wa hatari. Mtu mmoja mwenye akili timamu anaweza kuharibu kila kitu kwa kumfuata na kumshika mkono.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandikisha. Mbuzi ana rangi gani? Dume au jike? Alinunuliwa wapi, na risiti iko wapi? Mama anasema mbuzi huyu alizaliwa nyumbani. Basi nani alishuhudia?

"Afande mwanangu, si yule pale anaonekana?"

"Mama yangu, tuliza munkari. Hapa tunafuata utaratibu. Karatasi umekuja nazo?"

Karatasi hana. Anatumwa dukani. Akirudi nazo, kalamu imekauka. Kalamu ikipatikana, mwizi hadi hapo amepumzika mara mbili na mbuzi ameanza kumzoea. Andika polepole, kwa herufi kubwa. Mama akishapewa namba ya RB aishike mkononi, kwa hesabu za kiofisi mbuzi ameanza kupatikana.

Hatua ya pili ni usafiri. Kanuni ya Sennett ilikuwa kujaza watu wengi iwezekanavyo kwenye gari moja, ili kwenye kona waanguke kwa pamoja. Usikubali ushauri wa kugawanya kikosi mafungu mawili, moja likatangulie kule mwizi anakoelekea. Ushauri huo umewaharibia watu wengi tamthilia nzuri. Gari likiwepo, uliza mafuta. Mafuta yasipokuwepo, mwangalie mlalamikaji kwa macho ya huruma mpaka ajipapase kwenye pindo la khanga. Mauzo ya vitumbua yasipotosha lita moja, simamisheni bodaboda, na wote wanne mpande hiyo hiyo, mshikaki, wa nyuma kabisa akishika kirungu kwa mkono mmoja na kofia kwa mwingine.

"Twende!"

"Wapi, mkuu?"

"Wewe twende!"

Dereva asiambiwe zaidi ya hapo. Akiambiwa, atafika.

Hatua ya tatu imepotea. Upelelezi unaendelea.

Hatua ya nne ni mbio zenyewe, na hapa niseme jambo ambalo wanaobeza polisi wa Keystone hawalijui. Wale walikuwa mafundi. Kuanguka kutoka kwenye gari linalokwenda, kuviringika, kusimama na kuendelea kukimbia bila kuvunjika shingo ni kazi ya mwanasarakasi, na wengi wao walikuwa na mafunzo ya jukwaani. Mpiga picha alizungusha mkono wa kamera polepole, ili filamu ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida watu waonekane wanachacharika. Barabara ilimwagiwa sabuni ili magari yateleze. Yaani nyuma ya kila kosa palikuwa na maandalizi, mtu wa kupima umbali na mtu wa kuhesabu muda. Sisi tunapata matokeo yale yale bure. Masika yakikolea katika bonde la Mkata hakuna haja ya sabuni, udongo wenyewe unajua kazi yake. Na kuhusu maandalizi, hakuna mtu wa kutulaumu kwamba tulijiandaa.

Katika mbio, wote mfuateni aliye mbele. Aliye mbele naye amfuate anayepiga kelele zaidi. Mkikuta njia panda, simameni mjadili. Mkikuta mzee ameketi barazani, mwulizeni kama ameona mtu ana mbuzi. Atawajibu kwamba asubuhi hii ameona watu watatu wana mbuzi, maana hii ni Kilosa, nchi yenye wafugaji. Mfuateni wa kwanza aliyetajwa. Ni mwenye mbuzi wake halali, anampeleka mnadani, na kumhoji kutawachukua dakika arobaini nzuri.

Hatua ya tano, mpakani. Mwizi ameingia Kimamba B. Wa A wasimame pale pale, kwa heshima, wakitazama mgongo wake. Wa B hawana taarifa rasmi, kwa hiyo nao wasimame, wakitazama uso wake. Mtu na mbuzi wanapita katikati ya macho ya mamlaka mbili na hakuna aliyevunja utaratibu isipokuwa yeye. Buster Keaton, katika filamu yake *Cops* ya mwaka 1922, alihitaji mamia ya polisi kuonyesha jinsi mtu mmoja anavyoweza kuusumbua mji mzima. Alipoteza hela. Angepata kata mbili, askari sita wangetosha.

Hadi hapa tumekuwa wanafunzi watiifu wa Sennett. Kuanzia hapa tunampita, na nina hoja.

Filamu zake zilikuwa bubu. Polisi akianguka, ameanguka, hana pa kujitetea. Mtazamaji anaona kwa macho yake kwamba mwizi kaondoka. Uzembe wote uko miguuni, na uzembe wa miguuni hauna maisha marefu, kwa sababu kila mtu anauona. Sisi tumelelewa na redio. Watanzania walikaa pembeni ya redio kuwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na hakuna aliyewahi kuwaona wakiteleza; tulicheka maneno tu. Wakenya nao wana *Vioja Mahakamani*, ambamo kesi huharibikia kwenye maelezo, na wana Inspekta Mwala wa Davis Mwabili, ofisa wa polisi asiyehitaji ganda la ndizi: afungue mdomo tu. Vichekesho vya polisi wa Afrika Mashariki vinatoka mdomoni. Mwongozo unaoishia kwenye mbio ni wa watu wa nje.

Hata historia ya sinema katika nchi hii imelala upande wangu. Aliyeizungusha vijijini kwa mara ya kwanza kwa mpango maalumu alikuwa mtu wa mkonge, Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la zao hilo Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 yeye na wenzake walipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35 za kumfundisha Mwafrika minyoo, kahawa, kodi na mengineyo. Mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta: mmoja anaweka fedha benki, mwingine anaifukia ardhini, inaibwa. Ili kubana matumizi, picha zilichukuliwa kimya na sauti ikawekwa kwenye santuri ya kuchezwa kando. Sasa fikiria mwendesha santuri akichelewa kidogo. Mtu kwenye turubai amemaliza kusema, amefunga mdomo, ameshaondoka, ndipo maelezo yake yanaanza kusikika, kwa sauti ya kujiamini kabisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopata mtindo wetu wa utumishi wa umma.

(Na kwa kuwa tumefika kwenye sinema na utumishi: Rashidi Mfaume Kawawa aliigiza katika *Muhogo Mchungu* mwanzoni mwa miaka ya 1950, akauacha uigizaji, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alitoka kwenye maigizo akaenda serikalini. Wapo waliopita njia hiyo hiyo kutokea upande wa pili.)

Basi hatua ya sita, kubwa kuliko zote, ni taarifa kwa umma. Itolewe siku hiyo hiyo kabla ya mama wa vitumbua hajaanza kuzungumza. Iwe na meza, iwe na kielelezo juu ya meza. Kielelezo kitakuwa kipande cha kamba alichokiacha mbuzi kwenye mti, na msishangae kikiwa cha manila ya buluu, huku mashamba yamejaa mkonge. Nakala ya kufuata ni hii:

"Mnamo majira ya saa mbili asubuhi, katika maeneo ya stesheni, mtu mmoja ambaye jina lake linahifadhiwa kwa sababu za kiupelelezi alitoweka na mnyama mmoja jamii ya mbuzi. Kikosi kilifika eneo la tukio kwa wakati. Hali kwa sasa ni shwari. Msako mkali unaendelea, na hakuna aliye juu ya sheria. Aidha, natoa onyo kwa wamiliki wa mbuzi kuacha mara moja tabia ya kufuga mbuzi wanaovutia."

Soma tena, utaona ufundi. Jina linahifadhiwa kwa sababu hamlijui. Kikosi kilifika kwa wakati, bila kutaja wakati wa nani. Hali ni shwari kwa kuwa mbuzi hayupo tena wa kupiga kelele. Na onyo linamwendea aliyeibiwa, ndiye peke yake mnayejua anwani yake. Mwandishi akiuliza kama mwizi amekamatwa, mjibuni kwamba swali hilo linaweza kuharibu upelelezi.

Jioni mtapimwa, na kipimo kiko kijiweni kwenye kahawa. Sikilizeni kitenzi. Wakisema mmechemsha, mmepata alama za chini: kosa la siku moja, kesho mnaweza kulirekebisha. Wakisema mmelipua kazi, mlikuwa na haraka ya kuimaliza, afadhali kidogo. Kuboronga ni pale palipokuwa na kitu kizuri mkakiharibu. Kuvurunda kunazidi: hata kilichokuwepo kabla yenu sasa hakipo, na jirani naye kagundua kondoo wake hawaoni. Msako ukiisha kabla ya saa sita mchana, mtasikia habari za nguvu ya soda. Lakini mzee mmoja akiweka kikombe chini na kusema "hii sinema," na kijana akamuuliza "sasa steringi nani hapo?", halafu kijiwe kizima kikakosa jibu, jueni mmefaulu. Sennett mwenyewe aliwachekesha watu kwa kundi zima. Katika kundi la polisi wake hakuna aliyekuwa na kosa lake peke yake, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kuwajibishwa.

Kwa mazoezi ya ziada, teremkeni mpaka Mikumi, barabara kuu ya Zambia inapokata hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Kule kuna mchezo usio na mbio kabisa. Trafiki anashika tochi, dereva aliyepita anawawashia taa wanaokuja, wanaokuja wanapunguza mwendo ghafla na kupita kwa adabu za msibani, wakimaliza kona wanakanyaga mafuta. Kila mtu anajua sehemu yake ya mchezo, na tembo pekee ndiye anayevuka bila kuangalia upande wowote. Nakiri ni mchezo mzuri, ingawa kwa jicho la Sennett una kasoro: hakuna anayeanguka.

Onyo moja, na hili silitanii. Polisi wa Keystone walifyatua risasi ovyo filamu nzima na wahalifu wao waliinuka wakajifuta vumbi. Siku mtaa ukimpata mwizi kabla ya kikosi, na magazeti yakaandika "wananchi wenye hasira kali", hakuna anayeinuka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mhalifu na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Matairi haikuyataja. Kikosi kinachochelewa mara nyingi mno ndicho kinachowafundisha watu kutosubiri, na hapo mwongozo huu hautumiki, ufungeni.

Wenye malalamiko kwamba faili lao limekaa muda mrefu wajifariji kwa jambo hili. Mwaka 1914 Keystone ilitoa filamu inayoitwa *A Thief Catcher*, kisa cha kukamata wezi. Filamu yenyewe ikapotea. Ilihesabiwa imetoweka kabisa mpaka mwaka 2010, ilipookotwa huko Michigan kwenye mauzo ya vitu vya kale, na ndani yake akaonekana kijana Charlie Chaplin kavaa gwanda la polisi. Mkamata mwizi alitafutwa miaka 96. Mbuzi wa Kimamba ana wiki tatu tu.

Anayetaka kuendelea na masomo aitafute *The Bangville Police* kwenye intaneti. Ni ya dakika chache, haina maneno ya kukusumbua, na kwa umri wake hailipiwi. Itazame na watoto, wataipenda. Ila usiitazame ukiwa zamu, maana mlalamikaji akiingia akakukuta unacheka, itabidi uandike maelezo, na karatasi utanunua mwenyewe.